Gari lililozama kwenye mafuriko: dhana zinazowaponza wanunuzi

Gari lililozama halirudi sokoni na matope yake. Huoshwa, hukaushwa, hupigwa polishi, na mara nyingi hupelekwa kuuzwa mbali na mafuriko yalikotokea. Mnunuzi naye huwa ameshasikia maneno ya kumtuliza, na mengi si ya kweli.

“Injini inawaka na gari linakwenda vizuri, basi ni zima”

Dhana hii ndiyo inayoumiza wengi kuliko zote. Kuiwasha injini iliyoingia maji si kazi kubwa kwa fundi: anatoa plagi, anaizungusha ili maji yatoke kwenye silinda, anamwaga oili, anabadilisha filta, inawaka. Kinachooza taratibu ni umeme. Gari la kisasa lina kompyuta kadhaa, na waya zake hukutana kwenye soketi zenye pini nyembamba. Maji yakibaki humo, pini hushika kutu ya kijani, umeme hupita kwa shida, na kompyuta hupokea vipimo vya uongo. Hilo huchukua wiki, hata miezi. Kioo cha mlango kitaanza kugoma, kisha itawaka taa ya ABS (mfumo wa breki unaozuia matairi kujifunga), kisha siku moja gari litakataa kabisa kuwaka, na fundi atabadilisha vipuri vizima akitafuta soketi moja iliyooza.

Injini yenyewe nayo inaweza kuficha jeraha. Maji hayagandamiziki kama hewa. Injini ikiyavuta huku inaunguruma, pistoni huyagonga na konrodi, yaani mkono wa chuma unaoishika pistoni, hupinda. Ikipinda kidogo tu, injini bado itawaka, ila pistoni haifiki tena juu ilikokuwa ikifika, na kompresheni (nguvu ya kugandamiza hewa) ya silinda hiyo hushuka. Kwa hiyo pima kompresheni ya kila silinda. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa tofauti kubwa, usilichukue gari hilo mpaka sababu ijulikane.

“Harufu itakuambia”

Wakati mwingine tu. Funga vioo vyote, washa AC hewa izunguke ndani, kisha hita, ukae humo dakika 10. Uvundo wa ukungu utajitokeza. Manukato makali kupita kiasi nayo yakutie shaka. Lakini kapeti na viti vikishabadilishwa harufu huisha, kwa hiyo kukosekana kwake si ushahidi wa lolote.

“Ndani ni pakavu na pasafi, hakuna maji yaliyoingia”

Anayesafisha gari husafisha panapoonekana. Wewe tafuta pale ambapo kitambaa chake hakikufika.

Anza na kapeti. Chini yake kuna sponji nene inayoshika maji muda mrefu baada ya juu kukauka. Fungua plastiki ya kizingiti cha mlango, inua kapeti, bonyeza sponji kwa kidole, na angalia bati la sakafu. Kapeti jipya ndani ya gari kuukuu, au lenye rangi tofauti na lile la kwenye buti, linahitaji maelezo. Kisha angalia boliti za viti: rangi iliyobanduka kwenye vichwa vyake inaonyesha viti viliwahi kung'olewa. Ingiza tochi chini ya viti uone springi na reli zake.

Vuta kila mkanda wa usalama mpaka mwisho wake kabisa. Mita ya mwisho huwa imejikunja ndani ya nguzo ya gari na ni nadra kuoshwa. Tope huacha mstari wa doa juu yake. Toa tairi la akiba uone kama kuna mchanga au tope kavu shimoni mwake. Lala chali chini ya dashibodi, umulike mabano ya pedali, skrubu ndogo na mafungu ya waya. Kutu chini ya gari ni jambo la kawaida. Kutu kwenye skrubu ya dashibodi si ya kawaida hata kidogo.

Taa za mbele zenye mstari wa uchafu kwa ndani ni dalili nyingine, na spika za milango zinazokwaruza pia. Ukikuta madoa sehemu tatu zilizo kwenye usawa mmoja, umeshajua maji yalifika wapi.

“Maji yaliishia sakafuni tu”

Sakafuni ndipo penye hatari. Waya nyingi hupita chini ya kapeti, na kompyuta ya mifuko ya hewa kwa kawaida hufungwa katikati ya sakafu au karibu nayo. Zungusha ufunguo bila kuwasha injini: taa ya mifuko ya hewa iwake sekunde chache, kisha izime. Isipozima kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameikata ili usiione.

Maji ya bahari ni mabaya zaidi, maana chumvi hubaki baada ya maji kukauka na huendelea kula chuma na shaba. Kwa magari ya umeme chumvi hiyo inaweza kuwasha moto kwenye betri siku nyingi baadaye, kama ilivyotokea Florida baada ya kimbunga Ian mwaka 2022.

“Mashine haikuonyesha kosa lolote”

Mashine ya fundi husoma makosa yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta za gari, na makosa hayo hufutwa kwa dakika moja. Mwambie fundi asome pia hali ya majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe. Mengi yakiwa hayajakamilika, kumbukumbu imefutwa karibuni au betri ilichomolewa. Endesha gari siku moja au mbili, kisha lipimwe upya. Makosa yanayoanza na herufi U, yaani ya mawasiliano kati ya kompyuta, yakitokea kwenye mifumo kadhaa isiyohusiana, ni dalili mbaya.

“Historia ya namba ya chasisi ni safi”

Kumbukumbu hujua kile tu kilichoripotiwa. Gari lisilo na bima ya mafuriko, ambalo mwenyewe alilikausha nyumbani, halimo humo. Pia kuna magari yanayosajiliwa upya kwingine ili alama ya kuharibika ipotee kwenye hati. Rekodi mbaya inatosha kukufanya ukatae. Rekodi safi haitoshi kukufanya ukubali.

“Oili ni safi”

Oili ya injini yenye rangi ya maziwa imechanganyika na maji, lakini hubadilishwa kwa urahisi. Wengi husahau difu (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu) na giaboksi, ambazo hunyonya maji kupitia vipumulio vyake zikipoa ghafla. Fungua nati ya kujazia difu, uchukue oili kidogo uiangalie. Toa na filta ya hewa: karatasi iliyojikunja, au tope kwenye kona za boksi lake, ina maana maji yalifika mlangoni mwa injini.

Muuzaji akikataa kapeti lifunuliwe au difu ifunguliwe mbele yako, usimlipe.