Chokoleti na siagi ya karanga bila sukari: yanayosemwa jikoni na yalivyo kweli

Kitafunio cha chokoleti na siagi ya karanga kisicho na sukari si kigumu kutengeneza. Viungo ni sita, kazi ni ya nusu saa, kisha friji inamalizia. Kinachowaangusha wengi ni maneno yanayotembea pamoja na mapishi yenyewe, na mengi huanzia dukani kabla hata sufuria haijabandikwa.

"Nimetia asali na tende, kwa hiyo hakina sukari"

Kina sukari, tena nyingi. Asali ni sukari kwa takriban asilimia 80, na kilichobaki ni maji zaidi. Sukari guru ni maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakaganda. Tende zina nyuzinyuzi na madini, na hakuna ubaya kuzila kama tende. Lakini anayehesabu wanga akisaga tende 10 ndogo zilizotolewa kokwa, yaani kama gramu 70, ameshaweka karibu gramu 45 za sukari, sawa na vijiko 11 vya chai.

"Chokoleti nyeusi haina sukari"

Ile asilimia kwenye karatasi ni jumla ya kakao na siagi ya kakao. Kinachobaki karibu chote ni sukari: chokoleti ya asilimia 70 ina kama gramu 30 za sukari katika gramu 100, ya asilimia 85 ina kama 15. Njia rahisi ni kuanza na unga wa kakao mtupu na kuutengenezea chokoleti mwenyewe. Kakao inalimwa kwetu, Kyela mkoani Mbeya na Bundibugyo huko Uganda, ila mbegu nyingi huuzwa nje zikiwa kavu, hivyo pakiti ya dukani mara nyingi imezunguka dunia kabla ya kukufikia. Geuza upande wa nyuma: orodha ya viungo iwe na kitu kimoja tu, kakao. Ule unga wa kinywaji cha chokoleti unaokorogwa kwenye maziwa ya watoto kwa kawaida huanza na sukari.

"Kimeandikwa 'bila sukari', basi hakipandishi sukari ya damu"

Hili ndilo linalowaumiza watu wa kisukari bila kujua, kwa sababu lebo haisemi uongo. Inasema kidogo tu. "Bila sukari" haimaanishi bila wanga. Vitamu mbadala vinatofautiana sana, na kwa kuwa majina yake ni marefu, ni rahisi kuvitambua kwa namba zake kwenye lebo.

E965 ni maltitoli, inayopendwa na viwanda vya chokoleti kwa sababu inafanana na sukari mdomoni. Inapandisha sukari ya damu: si kama sukari yenyewe, ila inapandisha, na ina kalori zaidi ya nusu ya zile za sukari. E967 ni zailitoli, inayopandisha kidogo sana. E968 ni erithritoli, ambayo karibu yote hufyonzwa na kutoka kwenye mkojo bila kutumika, kwa hiyo haipandishi kitu. E960 ni stevia na E955 ni sukralosi. Zenyewe hazina wanga wa kuhesabu, lakini zinapouzwa kama unga wa kupima kwa kijiko huchanganywa na maltodekstrini ili zipate ujazo. Maltodekstrini ni wanga, na hupandisha sukari ya damu haraka kama glukosi. Ukiiona imetangulia kwenye orodha, rudisha pakiti kwenye rafu.

Mei 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri vitamu visivyo sukari visitegemewe kama njia ya kupunguza uzito. Ushauri huo haukuwalenga walio na kisukari tayari, wala haukuhusu erithritoli na wenzake wa kundi lake, kama maltitoli na zailitoli. Ni ushauri wa kuheshimu hata hivyo: kitafunio hiki ni mbadala wa kitu kitamu zaidi, si dawa.

"Ondoa sukari, weka stevia kijiko kwa kijiko"

Stevia safi ni tamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari. Penye gramu 100 za sukari, isiyofika nusu gramu inatosha. Ukizidisha, uchungu wake unakaa nyuma ya ulimi na hautoki. Erithritoli ni kinyume: utamu wake ni kama asilimia 70 ya sukari, kwa hiyo gramu 60 za sukari zinataka kama gramu 85.

Tatizo la pili ni mchanga. Erithritoli, kama sukari, haiyeyuki ndani ya mafuta, na chokoleti ni mafuta. Ukiitia ikiwa chenga, hata ukoroge saa nzima, kitafunio kitakwaruza meno. Isage kwanza kwenye blenda kavu kabisa, sekunde 40 hivi, usimame, usage tena. Subiri dakika mbili kabla ya kufungua kifuniko, maana vumbi lake linakera koo. Unaposugua kidogo kati ya vidole, usisikie chembe hata moja. Ubaridi kama wa mnanaa utakaousikia mdomoni ni tabia yake inapoyeyuka kwenye mate. Chumvi kidogo huupunguza, na ukitumia erithritoli pungufu ukamalizia na stevia kwa ncha ya kisu, hutausikia sana.

"Mafuta ya nazi na siagi ya kakao ni kitu kimoja"

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Dar, Mombasa au Zanzibar yanakaa kimiminika kwenye chupa karibu mwaka mzima, kwa hiyo kitafunio kilichogandishwa kwayo kitakulowesha vidole kabla hujakifikisha mdomoni. Siagi ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34, chini kidogo tu ya joto la mwili, na ndiyo sababu chokoleti hubaki ngumu mkononi kwa muda kisha ikalainika kinywani. Ni ghali na si kila duka linayo. Ukiikosa, tumia mafuta ya nazi, ila ukubali kuwa hicho ni chakula cha friji na hakibebwi kwenye mkoba.

Vipimo vya vipande 12, kwa mizani ya jikoni:

Chokoleti: siagi ya kakao gramu 100, unga wa kakao gramu 50, erithritoli iliyosagwa gramu 40, chumvi kidogo.
Kiini: siagi ya karanga gramu 150, erithritoli iliyosagwa gramu 25, unga wa nazi gramu 10, chumvi kidogo.

Yeyusha siagi ya kakao kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria yenye maji yanayochemka taratibu, bakuli lisiguse maji. Epua, kisha chekecha kakao na erithritoli humo, ukoroge mpaka ing'ae. Mimina kijiko kimoja cha chai kwenye kila kikombe cha karatasi cha keki, weka friza dakika 10. Changanya kiini, fanya vidonge 12 vya gramu 15, vibonyeze viwe bapa na visiguse ukingo. Funika kwa chokoleti iliyobaki, rudisha kwenye friji saa moja. Kiini kikiwa laini mno, siagi yako ya karanga ina mafuta mengi juu: ongeza unga wa nazi kijiko kimoja cha chai na usubiri dakika tano, maana unafyonza polepole.

"Chokoleti ikiwa nzito, ongeza maji kidogo"

Maji kidogo ndiyo yanayoiharibu. Matone mawili ya mvuke kutoka kwenye mfuniko yanatosha: unga wa kakao unanyonya unyevu, chembe zinashikana, na ile chokoleti iliyokuwa inatiririka inageuka donge kavu lenye kung'ang'ania mwiko. Tui la nazi na vanila ya maji hufanya vivyo hivyo. Kausha bakuli na mwiko kwa kitambaa kabla ya kuanza. Ikiwa nzito tu bila kushikana, ongeza siagi ya kakao kijiko kimoja. Ikishashikana, haifai tena kufunika vipande. Ongeza tui la moto kijiko baada ya kijiko, ukikoroga, mpaka ilainike iwe mchuzi mzito. Mchuzi huo ule ndani ya siku tatu, ukiwa kwenye friji.

Kosa hilohilo hufanyika wakati wa kusaga karanga. Blenda ikikwama watu hutia maji ili izunguke. Karanga hupita hatua tatu: unga, donge, kisha mafuta yanatoka na kulainisha yenyewe, kama dakika 5 hadi 10 kwa vipindi. Vumilia hatua ya donge, kwangua pembeni, endelea. Maji yataifanya nzito zaidi na kuipa ukungu mahali pa kuota.

"Kukaanga karanga huua sumukuvu"

Hapa tunaomba msomaji asipite haraka. Kukaanga huua kuvu, lakini sumu ambayo kuvu wameshaitoa haimalizwi na moto wa jikoni, hupungua tu. Haina rangi, harufu wala ladha. Sumukuvu (aflatoksini) husababisha saratani ya ini, na kwa kiwango kikubwa huua mara moja: mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa mahindi yaliyochafuliwa. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki kwenye karanga ni mikrogramu 10 kwa kilo.

Kinachosaidia sana ni kuchambua, kwa sababu sumu huwa imejazana kwenye punje chache. Zitandaze kwenye ungo mweupe au sinia penye mwanga. Toa zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zenye madoa na zilizoota. Zikaange, sugua maganda yatoke, halafu chambua mara ya pili, maana doa lililofichwa na ganda linaonekana sasa. Ulizozitoa zitupe, usimpe kuku. Karanga za kusaga zinazouzwa kwa bei ya chini mno mara nyingi ndizo zilizobaki baada ya wengine kuchagua.

Ukinunua siagi iliyosagwa tayari, chagua iliyo na alama ya ubora ya nchi yako, kisha angalia sukari. Karanga zenyewe zina gramu 4 hadi 5 za sukari ya asili kwa gramu 100. Lebo ikisoma 9 au 10, kilichozidi kimeongezwa.

"Ule weupe juu ya chokoleti ni ukungu"

Kwa kawaida ni siagi ya kakao iliyopanda juu kwa sababu ya joto na baridi kupishana. Pitisha kidole cha joto: weupe wa mafuta unapotea, ukungu una nyuzi na unabaki. Kaa navyo kwenye chombo kilichofungwa, friji wiki mbili, friza miezi miwili.

"Hakina sukari, kula utakavyo"

Kwa vipimo tulivyotoa, kipande kimoja kina kama gramu 3 za wanga baada ya kutoa nyuzinyuzi na erithritoli, lakini kina karibu kalori 160. Vitatu ni kalori za mlo mdogo. Ukitumia zailitoli au maltitoli, ziada huchachuka kwenye utumbo mpana na kuleta gesi na kuharisha, watoto kwanza. Na zailitoli ni sumu kali kwa mbwa hata kwa kiasi kidogo. Penye mbwa nyumbani, isiingie jikoni.

Anayetumia insulini au glibenklamaidi (vidonge vya kushusha sukari ya damu) azungumze na kliniki kabla ya kupunguza wanga ghafla, kwa sababu dozi ile ile inaweza kumshusha sukari ya damu kupita kiasi. Na akishaanza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, kitafunio hiki hakitamwokoa: hakina glukosi ya kutosha, na mafuta yake yanachelewesha hata ile kidogo iliyomo. Mpe sukari halisi, vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye maji, au soda ya kawaida nusu glasi, mradi yuko macho na anaweza kumeza. Subiri dakika 15, mpime tena.