Jarife likiwaka, samaki hukimbia

Usiku wa giza, mwezi bado, nilikuwa ufukweni Mikindani nasubiri maji yajae. Babu mmoja mvuvi akachovya kasia, akalikoroga kidogo, akalirudisha ngalawani. "Leo sitegi wavu, mwanangu. Maji yanawaka. Samaki wataliona jarife kama ukuta."

Nimesomea viumbe wa bahari miaka mingi, na darasani hakuna aliyewahi kuniambia hilo.

Kinachowaka si fosforasi, ingawa nami nilikua nikiamini hivyo, wala si jini. Ni dinoflajelati, viumbe wa seli moja. Wengi hawaonekani bila darubini, ila Noctiluca huweza kufika milimita 1 au zaidi; ukiwa na macho mazuri utamwona kwenye glasi kama punje ya sago.

Nilichota maji kwenye chupa ya plastiki, nikaitikisa. Cheche za buluu, kisha giza. Cheche moja hudumu kama sehemu ya kumi ya sekunde. Maji yakimsukuma kiumbe huyo, ukuta wa seli hubonyea, umeme mdogo hupita, na asidi huingia kwenye vifuko vyenye lusiferini, kemikali inayotoa mwanga. Hapo kimeng'enya cha lusiferesi huikutanisha na oksijeni, mwanga ukatoka karibu bila joto. Ndiyo maana hauunguzi mkono.

Hiyo asidi nilimwonyesha babu: matone machache ya siki chupani. Maji yote yakawaka kwa pamoja, yakatulia hivyo, yakafifia.

"Umewaua," akasema.

Kweli nilikuwa nimewaua.

Kwa nini wawake? Cheche humshtua anayetaka kuwala, na tena humwanika kwa samaki wanaomwinda yeye. Ni yowe la mwizi, ila linapigwa kwa mwanga. (Bahari nyeupe, yaani eneo kubwa la bahari linalong'aa usiku, ni jambo lingine: Januari 1995 meli iitwayo Lima iliikuta karibu na Somalia, ikiwaka bila kuguswa, na picha za setilaiti zilionyesha eneo la kilomita za mraba 15,400. Hiyo hudhaniwa ni kazi ya bakteria.)

Babu hakurudi nyumbani. Alikaa ukingoni mwa ngalawa akitazama maji, mpaka wingu la mwanga likapita chini, likakata kona ghafla.

"Vibua," akasema.

Nikamuuliza amejuaje.

"Mkizi hageuki hivyo."

Akaenda kuchukua mshipi.