Hawahitaji Kukusikiliza

Serikali ikibanwa kuhusu kufuatilia simu za raia wake, haikawii kujibu: "Hatusikilizi mazungumzo ya mtu." Kazi yangu ni mitambo ya simu, na najua kwamba mara nyingi wanasema kweli. Ndiyo maana jibu lenyewe halinitulizi.

Simu iliyo hewani hujitambulisha kwa mnara kila inapohamia eneo jingine, na mara kwa mara hata ikiwa imelala mezani. Bila hivyo mtandao usingejua pa kukutafuta ukipigiwa. Ukipiga, mtambo unaandika: namba hii, namba ile, saa, muda, mnara. Kampuni inazihitaji kumbukumbu hizo ili ikutoze na irekebishe mtandao. Hadi hapo sina neno. Balaa huanza pale mtu mwingine anapozitaka zote, za kila mtu, azilimbikize kwa miaka.

Mazungumzo yana usumbufu wake. Watu hutania, hufumba, hudanganya, huchanganya lugha. Kumbukumbu hazifumbi. Namba imepiga kliniki ya saratani asubuhi, ikampigia mama mzazi, mchana ikapiga kampuni ya bima: umeshajua yote bila kusikia neno. Ofisa aliyeongea na mwandishi wa habari kwa dakika mbili, siku moja kabla ya kashfa kuchapishwa, hana pa kujificha. Na wenzake wakishajua hivyo, hawapigi tena.

Juni 2013 Edward Snowden, aliyefanya kazi ya mkataba katika NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, alipovujisha nyaraka zake, ya kwanza kuchapishwa ilikuwa amri ya mahakama ya siri iliyoitaka kampuni ya simu ya Verizon ikabidhi kumbukumbu za simu za wateja wake, kila siku, bila kumtaja mshukiwa hata mmoja. Sheria iliyotumika, Patriot Act ya 2001, iliruhusu vitu "vinavyohusiana" na uchunguzi. Serikali ilidai kuwa kila simu inahusiana, kwa kuwa huwezi kujua mapema ipi itafaa. Halafu wachambuzi waliruhusiwa kwenda hatua tatu kutoka kwa namba inayoshukiwa. Piga hesabu: kila mtu akiwa na watu 100 anaowasiliana nao, hatua ya kwanza ni 100, ya pili 10,000, ya tatu milioni moja. Fundi wako wa bomba anaweza kukuunganisha na mtu usiyemjua kabisa.

Faida yake? Januari 2014 bodi ya serikali hiyohiyo inayosimamia faragha ilisema haikuona hata tukio moja la tishio kwa Marekani ambalo mpango huo ulileta tofauti ya maana katika kulichunguza. Bunge la huko lilipiga marufuku ukusanyaji huo wa jumla mwaka 2015. Ulaya ilitangulia: Aprili 2014 mahakama yake ilifuta agizo lililolazimisha kampuni kuhifadhi kumbukumbu za wote kwa miezi 6 hadi miaka 2.

Sheria hukokota miguu. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba namba ulizopiga umeshaipa kampuni ya simu wewe mwenyewe, hivyo si siri yako. Hapo ilihusu namba alizopiga mtu mmoja. Katika kesi ya mshtakiwa Carpenter, mahakama hiyohiyo, 2018, polisi walikuwa wamechukua alama 12,898 za mahali simu ilipokuwa, za siku 127. Majaji watano dhidi ya wanne wakasema sasa kibali cha jaji kinahitajika.

Programu za ujumbe zinazofunga maneno kwa msimbo natumia, nanyi tumieni, ila kampuni zenye programu hizo bado zinaweza kujua umewasiliana na nani, na mnara bado unajua ulipo.

Kwa hiyo nikishika mswada wowote wa usalama, kifungu cha kusikiliza simu nakiruka. Hicho kwa kawaida kina jaji. Natafuta kumbukumbu zitahifadhiwa muda gani, nani anasaini kuziomba, jaji au ofisa wa polisi, na kama mhusika ataarifiwa uchunguzi ukiisha. Hicho cha mwisho mara nyingi sikikuti.