Mirch Masala na heshima iliyogeuzwa malipo

Sisi tuliokulia kwenye sinema za Kihindi tunaijua kanuni: steringi hafi, adui anakiona mwishoni, mwanamke anangoja kuokolewa. Kwa kanuni hiyo wengi huielewa vibaya Mirch Masala ya Ketan Mehta (1987). Fedha zake zilitoka NFDC, shirika la filamu la serikali ya India, nje kabisa ya matajiri wa Bombay.

Dhana: wanaume ndio walinzi wa heshima ya mwanamke

Sonbai, anayeigizwa na Smita Patil, ameachwa na mume aliyepata kazi ya reli. Subedar, mkusanya kodi wa Mwingereza huko Gujarat, anamtaka. Sonbai anamzaba kofi na kukimbilia kiwanda cha pilipili. Wanaume wa kijiji wanakaa kikao, na mwenyewe hakuna anayemuuliza. Wanapiga hesabu: mwanamke mmoja au kijiji kizima? Bora atolewe. Heshima waliyoihubiri miaka yote ikawa kitu cha kulipia usalama wao.

Kwa Kihindi heshima ni izzat, neno lenye mzizi mmoja wa Kiarabu na azizi yetu. Kwenye kikao kile Sonbai hakuwa azizi wa mtu.

Anayesimama naye ni Abu Mian, mlinzi mzee Mwislamu (Om Puri). Anafunga lango la kiwanda na hafungui ng'o. Na huyu anakufa.

Dhana: adui ni Subedar peke yake

Mtazameni mkuu wa kijiji. Yeye hulala nje anakotaka, lakini mkewe Saraswati anapompeleka binti yao shule, nyumba haikaliki. Saraswati anapotoka na wenzake wakigonga masinia kupinga kumtoa Sonbai, anaburutwa na kufungiwa ndani. Subedar siku moja atang'oa mahema yake aende. Huyu wa nyumbani haendi popote. Ndiyo maana mimi namwogopa zaidi.

Dhana: wanawake wote walikuwa upande wake

La. Mle kiwandani wapo wanaomlaumu na kumtaka ajisalimishe yaishe. Naipenda filamu hii kwa kutoficha jambo hilo. Hofu ilishaingia mpaka vinuni, na umoja wao ulikuja kwa shida.

Dhana: hayo ni ya kale

Mpaka tarehe 27 Septemba 2018, sheria ya India iliyotungwa 1860 ilimwadhibu mwanamume aliyezini na mke wa mtu, ila kama mume ameridhia, kosa hakuna. Ridhaa iliyohesabiwa ni ya mume, kama vile mtu ameazima ng'ombe wa jirani. Mahakama ya Juu Kabisa ya India ndiyo iliyoifuta. Machi mwaka huohuo ilikuwa imetamka kwamba mabaraza ya vijiji hayana mamlaka ya kuzuia ndoa ya watu wazima wawili walioridhiana.

Smita Patil hakuiona filamu ikitoka. Alifariki tarehe 13 Desemba 1986, siku chache baada ya kujifungua, akiwa na miaka 31.

Mwanzoni, pale mtoni, Subedar anainama kunywa maji ambayo Sonbai anammiminia. Mwishoni lango limevunjwa, wanawake wanamrushia pilipili iliyotoka kusagwa, naye yuko magotini akipiga mayowe, macho yanawaka moto. Sonbai amesimama, mundu mkononi.