Je, Wajua Kwa Nini Tatizo la Ulaji Huweza Kuuharibu Mwili Ambao Uzito Wake ni wa Kawaida?

Likitajwa tatizo la ulaji, wengi huwaza mtu aliyekonda hadi mbavu zinahesabika. Mtu huyo yupo, na hali yake ni ya hatari. Lakini wengi wa wenye bulimia, yaani ugonjwa wa kula chakula kingi kwa mkupuo bila kuweza kujizuia na kisha kujitapisha, kujinyima au kutumia dawa ili kufidia, wana uzito wa kawaida au uliozidi kidogo. Hivyo ndivyo ulivyojulikana tangu daktari Gerald Russell wa London alipoueleza mwaka 1979. Wapo pia wanaojinyima chakula sawasawa na mwenye anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula hadi kukonda mno, na kupungua sana, ila kwa kuwa walianza wakiwa wazito, mizani bado inawaweka kwenye fungu la "sawa". Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, toleo la 2013, huiita hali hiyo anoreksia isiyo ya kawaida. Jina hilo halijawasaidia wagonjwa, maana linaifanya ionekane kama ugonjwa mwepesi, na sivyo ilivyo.

Mwili haujui chati ya uzito. Unachokijua ni kwamba chakula kinachoingia kimepungua kuliko kinachohitajika, na kwamba akiba inayeyuka. Ubongo hupata habari hiyo kupitia homoni, hasa leptini inayotoka kwenye mafuta ya mwili, nayo hushuka haraka mtu anapoanza kujinyima, hata kabla mafuta yenyewe hayajapungua sana. Leptini ikishuka, ubongo huanza kubana matumizi: homoni ya thairoidi, tezi ya shingoni inayoongoza kasi ya mwili, hupungua, joto la mwili hushuka, mikono na miguu huwa baridi, mapigo ya moyo hupungua, hedhi huahirishwa.

Ukubwa wa mabadiliko hayo ulionekana wazi kati ya 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota alipowafuatilia wanaume 36 wenye afya waliojitolea kula kidogo kwa miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mapigo yao ya moyo wakiwa wamepumzika yalishuka kutoka takriban 55 hadi 35 kwa dakika, na nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umetulia ilipungua kwa karibu asilimia 40. Keys huyohuyo ndiye aliyekipa jina, mwaka 1972, kipimo cha BMI kinacholinganisha uzito na urefu. Kipimo hicho kinafaa kulinganisha makundi ya watu. Hakiwezi kusema mtu mmoja alikuwa na kilo ngapi mwaka jana, wala alizipotezaje. Kwa vijana waliolazwa kwa sababu ya kujinyima chakula, kiasi cha uzito walichopoteza na kasi yake hutabiri kushuka kwa mapigo ya moyo vizuri kuliko uzito waliokuja nao hospitalini. Aliyepoteza robo ya uzito wake ndani ya miezi michache, hata akiwa bado mnene, ni mgonjwa wa kupimwa leo.

Mapigo ya chini huwapotosha watu. Kwa kuwa moyo wa mwanamichezo nao hupiga polepole, huambiwa, "ana moyo wa mwanamichezo." Njia ya kutofautisha ni rahisi. Mgonjwa alale kwa dakika tano, ahesabiwe mapigo kwa sekunde 60 kamili na apimwe shinikizo la damu, kisha asimame na apimwe tena baada ya dakika mbili au tatu. Moyo wa mwanamichezo hupanda kidogo tu anaposimama. Moyo wa aliyejinyima huweza kuruka ghafla kwa mapigo 30 au zaidi, au namba ya juu ya shinikizo la damu ikaanguka kwa zaidi ya 20, naye akaona giza machoni. Kwa kijana, mapigo chini ya 50 kwa dakika akiwa macho mchana ni mojawapo ya sababu zinazotambuliwa za kumlaza hospitalini.

Hatari kubwa kwa anayejitapisha, hata hivyo, iko kwenye damu, na haionekani kwa macho kabisa. Ni potasiamu, madini ambayo moyo na misuli huyategemea. Kiwango chake cha kawaida katika damu ni kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita. Chini ya 3.0 ni jambo zito. Chini ya 2.5 ni dharura. Wengi hudhani inapotea ndani ya matapishi. Ukweli ni kwamba matapishi yana potasiamu kidogo. Yanachobeba kwa wingi ni asidi ya tumbo, maji na chumvi. Asidi ikitoka, damu huzidi kuwa na bikaboneti, yaani kemikali inayozimua asidi, nazo figo hulazimika kuitupa, na inapotoka huvuta potasiamu pamoja nayo. Wakati huohuo, kwa kuwa maji yamepungua mwilini, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya aldosteroni, ambayo kazi yake ni kuokoa chumvi na maji. Huiokoa sodiamu kwa kuibadilisha na potasiamu. Kwa hiyo potasiamu huishia kwenye mkojo, na huendelea kuishia huko saa nyingi baada ya kutapika kwisha.

Hii ndiyo sababu kula vyakula vyenye potasiamu nyingi pekee hakuzibi pengo: kinachoongezwa kwa mdomo hutolewa na figo. Daktari hurudisha kwanza maji na chumvi, kwa uangalifu na polepole, ili aldosteroni itulie. Hupima magnesiamu pia, kwa sababu ikiwa chini, figo hazishiki potasiamu hata ukimpa mgonjwa vidonge kila siku. Mara nyingi hapo ndipo matibabu hukwama bila mtu kujua sababu.

Moyo huumia kwa namna hii. Baada ya kila pigo, chembe za misuli ya moyo hutoa potasiamu nje ili zijipange upya kwa pigo linalofuata. Potasiamu ya damu ikiwa chini, kujipanga huko huchelewa, na kwenye kipimo cha umeme wa moyo huonekana kama sehemu iitwayo QT, yaani muda wa moyo kupiga na kujipanga upya, ikiwa imerefuka. Pigo la ziada likidondokea ndani ya dirisha hilo, mdundo huvurugika, moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu, na mtu huanguka. Huweza kutokea bila onyo. Ambaye potasiamu yake imeshuka taratibu kwa miezi huenda asihisi chochote zaidi ya uchovu, misuli kukakamaa na choo kigumu. Na matokeo mazuri ya maabara hayampi kinga: potasiamu inaweza kuwa 4.0 Jumatatu na 2.9 Ijumaa, ikiwa kati ya siku hizo amejitapisha mara nyingi.

Dawa za kuharisha huongeza balaa lingine, na hazifanyi kile mtu anachokitarajia. Nyingi hufanya kazi kwenye utumbo mpana, ilhali chakula kimekwishafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kilo inayopungua ni maji na madini. Utumbo ukizoea kusukumwa na dawa, huwa mzito bila dawa, na mtu hujikuta akiongeza.

Kuna jambo moja ambalo kila anayeacha anapaswa kuambiwa mapema, kwa sababu kutolijua huwarudisha wengi nyuma. Siku anapoacha kujitapisha au kutumia dawa, aldosteroni bado iko juu. Mwili hushikilia kila tone la maji, miguu huvimba, na mizani hupanda ndani ya siku chache. Tezi za mate zilizo mbele ya masikio nazo huweza kuvimba siku tatu au nne baada ya kuacha, uso ukaonekana mpana. Mtu huamini amenenepa, huogopa, hurudia. Si mafuta. Ni maji na tezi, na uvimbe wa maji kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili hadi tatu, ule wa tezi ukichukua muda zaidi kidogo. Kukanda mashavu kwa kitambaa cha uvuguvugu husaidia. Kujinunulia dawa za kukojosha huanzisha mzunguko upya.

Meno ndiyo mara nyingi hufichua siri. Gamba gumu la jino huanza kuyeyuka pH, kipimo ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi kuwa kali, inapokuwa chini ya 5.5, na asidi ya tumbo ni kali mno kuliko hapo. Huliwa zaidi upande wa ndani wa meno ya mbele ya juu, ule unaotazama ulimi. Kupiga mswaki mara tu baada ya kutapika hukwangua gamba lililolainika. Ni bora kusukutua kwa maji yenye baking soda kidogo na kusubiri kama saa moja. Gamba lililokwisha halioti tena.

Mifupa hulipa polepole. Hedhi ikikoma kwa sababu ubongo umeizima, estrojeni, homoni ya kike, hushuka, na mifupa hupoteza kinga yake katika miaka ambayo ingepaswa kujijenga kufikia kilele. Kwa wanaume, testosteroni ndiyo inayoshuka. Vidonge vya kuzuia mimba vinavyoleta damu ya kila mwezi havirudishi mifupa. Huficha tu kwamba hedhi ya kweli haipo. Hedhi ikikosekana miezi sita au zaidi, kipimo cha msongamano wa mifupa, yaani uimara wake, kinafaa kufanywa, hata kama mwanamke ana uzito wa kawaida.

Hata kurudi kwenye chakula kuna hatari yake. Aliyejinyima kwa muda mrefu akianza ghafla kula vya kutosha, insulini hupanda na kuisukuma fosfeti, madini mengine ya damu, ndani ya chembe, kiwango chake kwenye damu huanguka, na moyo na misuli ya kupumua hulegea. Hutokea hasa ndani ya siku chache za mwanzo, na uzito wa kawaida haumkingi mtu. Kwa aliye hatarini, fosfeti, potasiamu na magnesiamu hupimwa kila siku mwanzoni, na vitamini B1 hutolewa kabla ya chakula kuongezwa. Hili halimaanishi asubiri kula. Linamaanisha aanze akiwa chini ya uangalizi.

Ukienda kliniki, au ukimpeleka mtu wako, usianze na uzito wa leo. Taja uzito wa juu aliowahi kuwa nao na umepungua kwa muda gani, mara ngapi kwa wiki anajitapisha au kutumia dawa, hedhi ya mwisho ilikuwa lini, na kama amewahi kuzimia. Omba madini ya damu yapimwe, magnesiamu na fosfeti zikiwemo, kazi ya figo, sukari, na kipimo cha umeme wa moyo. Ukiambiwa "uzito wako uko sawa, nenda nyumbani" bila hata mapigo kuhesabiwa, una haki ya kuomba daktari mwingine. Matibabu ya nafsi nayo yaanze pamoja na hayo: tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa mahsusi kwa bulimia, ambayo kwa kawaida huchukua vikao kama 20, huwasaidia wengi kuacha, na kwa vijana tiba inayoihusisha familia hufanya kazi vizuri.

Kuzimia, moyo kwenda mbio au kuruka mapigo, maumivu ya kifua, misuli kulegea hadi kushindwa kupanda ngazi, kutapika damu, au mawazo ya kujiua: hayo hayasubiri miadi. Nenda kitengo cha dharura siku hiyohiyo, na mtamkie anayekupokea waziwazi kwamba kuna tatizo la ulaji, kwa sababu kwa kukuangalia tu hataweza kulijua.