Je, Wajua? Mwanamke Aliyetwaa Tour de France Bila Kushinda Hatua Hata Moja

Tarehe 18 Agosti 2024, huko juu Alpe d'Huez kwenye milima ya Alpi nchini Ufaransa, Mholanzi Demi Vollering alivuka mstari wa kumalizia akiwa wa kwanza. Dakika moja na sekunde moja baadaye akaingia Mpolandi Katarzyna Niewiadoma, ambaye wengi humwita Kasia, akiwa wa nne. Huyo wa nne ndiye aliyetangazwa bingwa wa Tour de France ya wanawake, mbio za baiskeli zinazogawanywa katika hatua, yaani vipande vya safari. Hakuwa ameshinda hatua hata moja kati ya nane, na alimpita Vollering kwa sekunde 4 tu, baada ya karibu kilomita 950 na zaidi ya saa 24 za kunyonga pedeli.

Inawezekanaje?

Jibu fupi ni kwamba katika mbio za hatua nyingi hakuna anayehesabu umeshinda mara ngapi. Kinachohesabiwa ni muda. Kila siku muda uliotumia barabarani unaandikwa, kesho unajumlishwa na wa jana, na mwisho wa yote mwenye jumla ndogo kuliko wenzake ndiye mshindi. Jezi ya njano huvaliwa kila asubuhi na anayeongoza hesabu hiyo, hata kama jana alifika wa kumi na tano. Ushindi wa hatua una heshima yake na fedha zake, lakini ni daftari jingine.

Hata hivyo jibu hilo halimalizi udadisi. Kama ni muda tu, basi anayeshinda hatua si ndiye anayeokoa muda? Mara nyingi hapana, na sababu ni kanuni moja ambayo watazamaji wengi wa televisheni hawaijui. Watu mia wakifika kwenye mstari wakiwa wamebanana kundi moja, wa kwanza na wa mia wanaandikiwa muda uleule. Pengo linaanza kuhesabiwa pale tu kundi linapokatika. Kanuni hii iliwekwa kwa ajili ya usalama: bila hiyo, kila mtu angelazimika kugombania sentimita katika mita mia za mwisho kwa mwendo wa kilomita sitini kwa saa, na hospitali zingejaa. Matokeo yake ni kwamba hatua za tambarare, ambazo kwa kawaida humalizika kwa kundi zima kukimbilia mstari, hazibadilishi sana msimamo. Mwaka ule wa 2024 Mholanzi Charlotte Kool alishinda hatua mbili za kwanza, moja ikiishia Den Haag na nyingine Rotterdam, akavaa njano. Bado hakuna mtu makini aliyemweka kwenye orodha ya watakaoshinda Tour. Yeye ni mkimbiaji wa mwendo kasi wa mwisho, na milima ilikuwa inamsubiri.

Sasa njoo kwenye kitu kinachochanganya hesabu: bonasi. Kwenye hatua za kawaida, anayefika wa kwanza anapunguziwa sekunde 10 kwenye jumla yake, wa pili 6, wa tatu 4. Wanaofuata hawapati kitu mstarini. Hatua ya kushindana na saa, ambapo kila mmoja anaondoka peke yake, haina bonasi. Wapo wanaozichukia sekunde hizi, wanasema zinaharibu ukweli wa saa. Mimi siafiki. Bila bonasi, wanaowania jezi ya njano wangekuwa na kila sababu ya kufika pamoja bila kusumbuana, na hatua nne kati ya nane zingekuwa matembezi.

Tazama zilivyofanya kazi kule Liège, Ubelgiji, katika hatua ya nne. Wanawake watatu walifika pamoja: Puck Pieterse, Mholanzi wa miaka 22, Vollering, aliyekuwa na jezi ya njano tangu jana yake aliposhinda hatua ya kushindana na saa pale Rotterdam, na Niewiadoma. Pieterse na Vollering walirusha baiskeli zao mbele mstarini hata ikabidi picha iamue. Pieterse akapewa ushindi. Vollering akachukua sekunde 6 za nafasi ya pili, Niewiadoma 4 za nafasi ya tatu. Siku ile hakuna aliyeshtuka. Lakini wa kwanza angepata 10, na 10 ukitoa 6 ni 4. Yaani tofauti yote iliyokuja kuamua Tour ilikuwa pale Liège, kwenye upana wa tairi.

Kesho yake ndipo mambo yalipoharibika hasa. Hatua ya tano ilitoka Bastogne nchini Ubelgiji kwenda Amnéville nchini Ufaransa. Zikiwa zimebaki kama kilomita 6, waendesha baiskeli kadhaa walianguka kwa kishindo, Vollering na njano yake akiwa mmoja wao. Kuna kanuni nyingine hapa: ukianguka ndani ya kilomita 3 za mwisho katika hatua ya kawaida, unapewa muda wa kundi ulilokuwa nalo, ili ajali isikuangamize. Kilomita 6 si 3. Vollering aliinuka, akapanda tena, akafika dakika 1 na sekunde 47 nyuma ya mshindi. Na aliyeshinda ni nani? Blanka Vas wa Hungaria, mwenzake wa timu ya SD Worx-Protime. Timu ilishangilia mbele huku kiongozi wake akihangaika nyuma karibu peke yake. Ilikosolewa vikali, na mpaka leo mashabiki wa Uholanzi hawajaacha kubishana kwa nini hakukuwa na wa kutosha waliogeuka kumsubiri.

Niewiadoma aliikwepa ajali ile, akafika wa pili nyuma ya Vas, na jioni hiyo akavishwa njano. Si mtu wa kubahatisha huyu. Mwezi Aprili mwaka huohuo alikuwa ameshinda Flèche Wallonne, mbio za siku moja zinazomalizikia kwenye kilima kikali cha Huy, na katika Tour mbili zilizotangulia, za 2022 na 2023, alimaliza wa tatu. Sifa yake ilikuwa ni kuwepo. Kila kundi la mbele linapochomoka, yumo. Hashindi, lakini hapotezi. Kwa mbio za siku moja hiyo ni dosari. Kwa mbio za kujumlisha muda ni hazina.

Asubuhi ya siku ya mwisho alikuwa mbele ya Vollering kwa dakika 1 na sekunde 15, yaani sekunde 75. Njia ilipita Col du Glandon, mlima unaopanda hadi mita 1,924, kisha ikateremka bondeni na kumalizia Alpe d'Huez yenye kona zake 21 maarufu. Vollering hakusubiri mlima wa mwisho. Alishambulia Glandon, zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 50, na Mholanzi mwenzake Pauliena Rooijakkers peke yake ndiye aliyemudu kumfuata.

Hapa upepo ndio wa kuutazama. Anayeendesha nyuma ya gurudumu la mwenzake huokoa nguvu nyingi, pengine hadi theluthi kwenye tambarare, kwa sababu wa mbele ndiye anayepasua hewa. Mlimani mwendo ni mdogo, faida hiyo inapungua, na mwenye miguu anamwacha asiye nayo. Ila kati ya Glandon na Alpe d'Huez kuna bonde, na bondeni upepo unarudi kazini. Rooijakkers alikuwa timu nyingine na yeye mwenyewe akiwania jukwaa, yaani nafasi ya tatu bora. Hakuwa na deni la kumvuta Vollering kuelekea njano. Nyuma, Niewiadoma alikuwa na wengine waliokuwa na hamu zao za kulikaribia lile pengo. Hawakuwa wakimsaidia yeye, lakini gurudumu la mtu anayejisaidia linakukinga vilevile.

Kisha kona 21. Kuanzia hapo ni mwanamke, mlima na saa. Vollering akashinda hatua mbele ya Rooijakkers na kuchukua sekunde 10 za bonasi. Évita Muzic wa Ufaransa akafika wa tatu, na kumbe hata hilo lina maana, kwa kuwa bonasi ya nafasi hiyo ilimpita Niewiadoma. Sasa chukua kalamu. Sekunde 75 za akiba. Toa 61 alizochelewa. Toa 10 za Vollering. Zinabaki 4. Rooijakkers alimaliza Tour akiwa wa tatu, sekunde 10 nyuma ya bingwa. Watatu ndani ya sekunde 10 baada ya siku saba za mashindano, maana hatua ya pili na ya tatu zilifanyika siku moja, asubuhi na alasiri.

Katika Tour yoyote, ya wanawake au ya wanaume, haijawahi kutokea tofauti ndogo kuliko hiyo. Rekodi ya zamani ilikuwa sekunde 8, pale Mmarekani Greg LeMond alipompiku Mfaransa Laurent Fignon mwaka 1989. LeMond huyohuyo mwaka uliofuata alitwaa Tour bila kushinda hatua. Chris Froome alifanya hivyo 2017 na Egan Bernal 2019. Kwa hiyo anayemwambia Niewiadoma kwamba ubingwa wake una kasoro, na waliomwambia hivyo walikuwepo, awe tayari kuwaambia na hao.

Na kama zile sekunde 4 zingefutika wakalingana? Kanuni zinarudi kwenye hatua ya kushindana na saa, ambako muda hupimwa hadi sehemu ya sekunde, na vipande vilivyoachwa kwenye jumla vinatolewa kabatini. Jambo hili si la nadharia. Mwaka 2023 Vollering alishinda Tour, na nyuma yake Lotte Kopecky wa Ubelgiji na Niewiadoma wakaandikwa wote wawili dakika 3 na sekunde 3 nyuma. Kopecky akapewa nafasi ya pili kwa vipande vya sekunde vya hatua ya mwisho iliyofanyika Pau. Zaidi ya hapo, saa inaweza pia kuongezewa: katika Tour hiyohiyo Vollering aliadhibiwa sekunde 20 kwa kujikinga upepo nyuma ya gari la timu yake. Mwaka ule aliweza kuzimudu. Mwaka mmoja baadaye adhabu ya namna hiyo ingemzika kabisa.

Tour hii ya wanawake kwa sura yake ya sasa ni changa. Ilianza Paris Julai 2022 chini ya mkurugenzi Marion Rousse, na mshindi wa kwanza akawa Mholanzi Annemiek van Vleuten. Majaribio ya zamani yalikuwepo, la mwaka 1955 lililofanyika mara moja tu, na yale ya kuanzia 1984 hadi 1989 yaliyokwenda sambamba na ya wanaume, lakini hayakudumu. Bingwa wa wanawake hupewa yuro 50,000. Wa wanaume 500,000. Ni kweli wanaume hukimbia hatua 21, ila hata ukigawa kwa hatua, pengo halizibiki.

Msomaji aliyefuatilia mashindano ya dunia ya baiskeli kule Kigali Septemba 2025 anaweza kuchanganyikiwa, kwa sababu kule hesabu ilikuwa tofauti kabisa. Yale ni mbio za siku moja: anayevuka mstari wa kwanza ndiye bingwa, basi. Ndivyo Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye hakutajwa sana kabla ya mbio, alivyoondoka Rwanda na jezi ya upinde wa mvua, ile ya bingwa wa dunia. Alichagua kilima kimoja na wakati mmoja, akalipia kila kitu pale. Katika mbio za hatua nyingi, mtu anayelipa kila kitu siku moja hulala akiwaza kesho atanyonga na nini. Wanyarwanda wenyewe hawako mbali na habari hii: Diane Ingabire aliwahi kusajiliwa na kikosi cha kukuza vipaji cha Canyon//SRAM, timu ileile ya Niewiadoma.

Kutoka Afrika yupo pia Kimberley Le Court wa Morisi. Katika Tour ya 2025, iliyokuwa na hatua tisa, alivaa njano, Mwafrika wa kwanza kuivaa katika mbio hizi za wanawake, kisha akashinda hatua ya tano iliyoishia Guéret. Uongozi wake ulikuwa wa kuhesabiwa kwa sekunde, uliokusanywa kwenye vilima vifupi na bonasi. Halafu ikaja hatua ya nane na Col de la Madeleine, mlima wa karibu kilomita 19 unaofika mita 2,000. Kwenye mlima wa aina hiyo sekunde hazitoshi, mambo huenda kwa dakika. Mfaransa Pauline Ferrand-Prévot akawaacha wote, akachukua njano, na kesho yake akashinda na hatua ya mwisho. Vollering akawa wa pili tena, safari hii dakika 2 na sekunde 42 nyuma, na Niewiadoma, bila kushinda hatua, akawa wa tatu.