Daktari wa timu ni wa mchezaji au wa kocha?

Swali: Dokta analipwa na klabu, sasa mgonjwa wake ni nani?

Jibu: Ni mchezaji, hapo mimi sibadiliki. Cheki ishu ya Eva Carneiro, dokta wa timu ya Chelsea, Agosti 8, 2015, wako na Swansea, 2-2, dakika za mwisho, kipa wao kashakula nyekundu kwa hiyo wako kumi, mchezaji wao Hazard yuko chini, refa anaita matibabu, dokta na fizio (mtaalamu wa viungo) wakaingia, na kisheria akishatibiwa inabidi atoke nje kwanza, timu ikabaki na watu tisa. Kocha wao Mourinho akawaka, akasema hawauelewi mpira. Yule dada akaondoka klabuni, kesi ikaenda mpaka Juni 2016 ndo klabu ikaomba radhi na kukubali alikuwa anafanya kazi yake. Sasa jamani refa kaita, mtu kalala chini, we dokta ukae benchi unahesabu wachezaji?

Swali: Mchezaji mwenyewe akisema yuko fiti si aachwe acheze?

Jibu: Enka au msuli wa paja mnaweza kuongea, umwambie ukweli wote halafu aamue. Kichwa hapana, maana kinachotakiwa kuamua ndo hichohicho kimeumia. Fainali ya Kombe la Dunia 2014, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa kichwa dakika ya 17 akaendelea kucheza, baadae akamfata refa kumuuliza kama hii ndo fainali, akatolewa dakika ya 31. Alikuwa anakimbia na anaongea vizuri tu! Wengi wakipata mtikisiko wa ubongo hawazimii kabisa, na akigongwa tena kabla hajapona ubongo unaweza kuvimba akafa, hasa vijana.

Swali: Kuchomwa sindano ili acheze mechi kubwa je?

Jibu: Ganzi inaua maumivu, jeraha liko palepale, na maumivu ndo yalikuwa yanamzuia asilichane zaidi. Dokta anayechoma bila kumwambia mchezaji hilo kamkosea sana, hata kama kijana mwenyewe ndo kaomba. Halafu kuna sindano za steroidi za kutuliza uvimbe kwenye goti, tangu Januari 2022 WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, wamezipiga marufuku kipindi cha mashindano labda uwe na kibali, na akikutwa nayo kwenye mkojo anayefungiwa ni mchezaji hata kama dawa kaandikiwa na dokta. Kwa hiyo ukienda hospitali yoyote anza kusema wewe ni mwanamichezo.

Swali: Kocha ana haki ya kujua naumwa nini?

Jibu: Ajue utacheza au hutacheza, na utarudi lini. Ujauzito, majibu ya HIV, mambo ya msongo wa mawazo, hayo ni yako mpaka wewe mwenyewe ukubali yasemwe.

Swali: Sisi wa ndondo hatuna dokta kabisa, tufanyeje?

Jibu: Kabla mechi haijaanza chagueni mtu mmoja ambaye si kocha, akisema fulani atoke anatoka, hakuna kubishana. Aliyegongwa kichwa akaonekana kachanganyikiwa au anayumba asirudi siku hiyo, na asiachwe peke yake. Akianza kutapika, kichwa kikazidi kuuma, akawa anasinziasinzia, akapata degedege au mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, hospitali muda huohuo, msisubiri filimbi ya mwisho.